Sabuni ya Waridi Iliyogeuka Rangi ya Chai

Msambweni,
Jumapili, baada ya alasiri

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, mvua imetupiga wiki nzima, na mama anakusalimu sana. Anauliza kama baridi ya Nakuru umeshaizoea au bado unalala na soksi.

Picha yako niliiona Ijumaa. Nikacheka, halafu nikaona haya kwa kucheka. Ati ulisaga bitiruti, ukachuja, ukayeyushia soda, ile kali ya kutengenezea sabuni, kwenye maji yake, ukawa unangoja sabuni ya rangi ya waridi ya kumpelekea wifi yako. Ulipokata ukakuta rangi ya chai ya maziwa. Unaniuliza ulikosea wapi. Mahesabu hukukosea, na sabuni haijaharibika. Iache ikomae, itaosha kama nyingine yoyote. Aliyekuharibia rangi ni soda.

Unaikumbuka ile Idi tuliyokula kwa shangazi, kaka yako akamwagikiwa mchuzi wa biriani kwenye kanzu nyeupe? Shangazi akakimbilia kulipaka lile doa sabuni, na doa la manjano likageuka jekundu kama damu. Sisi tukadhani kuna mkono wa mtu. Basi ile ilikuwa sabuni iliyokwisha kukomaa, na upole wake wote bado iliyageuza rangi manjano ya biriani. Sasa wewe rangi yako hukuitia kwenye sabuni iliyokomaa. Uliitia moja kwa moja kwenye soda yenyewe, kali na ya moto, haijaonana na tone la mafuta. Hata ungengoja mpaka uchanganye, uji mbichi wa sabuni nao una soda ambayo haijamalizana na mafuta. Kila rangi inayoingia humo inapita motoni. Ziko zinazotoka salama, ziko zinazotoka na sura nyingine, na ziko zinazofia humo humo. Bitiruti hufia humo. Choya nayo vile vile. Niliwahi kujaribu maji ya choya yaliyokuwa mekundu ya kupendeza. Yalipokutana na soda yakawa kijani kichafu mbele ya macho yangu, na kesho yake kahawia. Vyote viwili vitamu kwa juisi. Tuvinywe.

Wala usidhani nakusimanga, maana ya kwangu yalikuwa mabaya zaidi. Sabuni ya tatu niliyotengeneza niliitia rangi ya ukindu, ile ya unga ambayo mama na wenzake huchemshia ukindu wa mikeka. Nilivyoona inavyokoza kwenye mkeka, nikasema hii ndiyo. Sabuni ikatoka zambarau kwa mabaka, na siku niliyoioga povu likawa zambarau, taulo zambarau, na makwapa yangu siku tatu nzima. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Rangi ile ni ya majani ya mkindu, haikutengenezwa kwa ngozi ya mtu, na tangu siku hiyo haikaribii ndoo yangu. Zile rangi za chakula za vichupa vidogo nazo ziache kwenye keki. Nyingi soda huzigeuza au huzifuta, na zinazobaki huvuja kwenye povu. Na buluu ya kufulia nguo, kabla hujaniuliza: hapana.

Sasa nikwambie mimi natumia nini. Rangi ninayoipenda kuliko zote iko hapa hapa nyumbani, na tulikuwa tunaichezea utotoni: mrangi. Ule mti wenye maganda ya miiba laini, ukipasua unakuta mbegu nyekundu tulizokuwa tukijipaka midomoni tukiwa maharusi wa uongo. Watu huku Kwale wanaulima, mbegu zinapelekwa kiwandani kutolewa rangi ya vyakula. Uzuri wake kwa sabuni ni kwamba rangi yake inakubali mafuta. Nachukua vijiko viwili vya kulia vya mbegu, nazitia kwenye gramu 250 za mafuta ya alizeti, naweka bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole kwa saa moja hivi. Usiyabandike mafuta motoni moja kwa moja, rangi itaungua. Halafu nachuja kwa kitambaa cha tui. Mafuta yanatoka na rangi ya chungwa ya kukoza kweli kweli, na humo hamna chenga hata moja.

Na hapa usichanganyikiwe: hayo mafuta ya mrangi bado ni alizeti. Mapishi yetu ni yale yale, nazi gramu 400, mawese yaliyosafishwa gramu 300, alizeti gramu 300, soda gramu 148, maji gramu 300. Ukitaka manjano ya ndizi mbivu, katika zile 300 za alizeti toa 50, weka 50 za mrangi. Ukitaka chungwa, weka 150. Soda haibadiliki hata gramu moja. Kwa anayeanza naona hakuna rangi yenye amani kuliko hii.

Manjano ya jikoni nayo hufanya kazi, ila yatakutisha. Yakiingia kwenye uji yanakuwa mekundu kama lile doa la kanzu, na utanipigia simu usiku. Usinipigie. Kadiri sabuni inavyokomaa na ukali unavyoshuka, rangi inarudi polepole, kwanza chungwa lililofifia, mwisho manjano ya kutulia. Kijiko kimoja cha chai kinatosha nusu kilo ya mafuta. Ubaya wake ni jua. Kipande nilichokiacha dirishani kilipauka, na ndugu yake aliyekaa kabatini bado ana rangi yake.

Kwa nyeusi na kijivu natumia mkaa wa vifuu, nautwanga, naupepeta mara tatu kwa kitambaa chepesi mpaka unakuwa kama wanja. Mkaa haujali soda wala jua. Lakini kijiko kimoja cha chai kwa nusu kilo, basi. Ukizidisha unaoga povu la kijivu na kusugua ukuta wa bafu baadaye. Hina hutoa kijani cha majani makavu kinachoelekea kahawia, si kila mtu ataipenda. Akina mama wa Kibuyuni wanaolima mwani wanautia kwenye sabuni zao, na ukisagwa laini unaacha rangi ya mchanga mbichi ambayo mimi naiona nzuri kuliko hizo buluu za kupiga kelele.

Waridi uliyoitaka, kusema kweli, sijaipata kutoka jikoni. Njia iliyonifaa ni oksaidi ya chuma nyekundu inayouzwa kwa ajili ya vipodozi. Chukua kidogo sana, ncha ya kijiko, upate waridi iliyotulia kama chungu kilichooshwa. Ukitia kijiko kizima utapata matofali. Hiyo haigeuzwi na soda. Usije ukanunua ngeu ya mafundi dukani kwa vyuma ukasema si ndiyo hiyo hiyo. Ile haikusafishwa kwa ajili ya ngozi, inaweza kuwa na madini ya sumu. Na ile mika ya kumetameta unayoiona kwenye picha za watu, muulize muuzaji kwanza kama inastahimili soda. Akisitasita, nunua kidogo tu ya kujaribia.

Unga wowote, uwe mkaa au oksaidi, usiumwage mkavu juu ya uji. Utapata madoadoa kama kanga wa porini. Uvuruge kwanza na kijiko cha mafuta uliyoyatoa kwenye yale yale ya mapishi, mpaka uwe laini kama wanja wa mafuta, ndipo uutie. Na uutie uji ukiwa bado mwepesi, pale ukiinua mwiko tone linaacha alama kidogo juu halafu linazama. Ukingoja mpaka uwe uji wa kunywewa na kijiko, rangi haitasambaa.

Hapo ndipo mafuta ya karafuu yaliponitia adabu. Nilikuwa na uji mzuri, nimeugawa majagi mawili, moja la mrangi na moja jeupe, nataka nimimine kwa zamu zivutane kama mawingu. Nikaona niongeze harufu kidogo. Karafuu ile iliingia, na kabla sijageuza mwiko mara kumi uji ukawa ugali. Nikaukandamiza kwenye kasha kwa ngumi. Sabuni iliosha vizuri tu, lakini ilionekana kama kitu kilichokanyagwa na ng'ombe. Karafuu hukimbiza sabuni, kwa hiyo siku ya kujifunza rangi usitie harufu kabisa. Na vanila uliyosema unataka kumwekea wifi, jua kwamba vanila yenyewe hugeuza sabuni kahawia. Hata ungepata waridi safi, vanila ingeila.

Nina ombi moja tu: usiipake rangi sabuni nzima kwa mara moja. Tengeneza kilo moja ya mafuta kama kawaida, uji ukishika, ugawe vikombe vinne vya mtindi vilivyooshwa. Kimoja usikitie kitu, kingine manjano nusu kijiko cha chai, kingine mkaa nusu kijiko, cha nne hiyo oksaidi ncha ya kijiko. Kile kitupu usikidharau. Ndicho kitakachokuonyesha mafuta yako yenyewe yana rangi gani, maana mawese na alizeti hutoa weupe wa samli, na buluu ukiitia juu ya weupe wa samli inaelekea kijani. Andika kila kikombe kwa kalamu. Mimi niliwahi kujiamini kwamba nitakumbuka, sikukumbuka.

Halafu hiyo baridi yenu. Hapa Msambweni sabuni ikishamiminwa na kufunikwa hupata joto lake yenyewe, inakuwa ya kung'aa katikati kama jeli, kisha inapoa. Ikipitia hapo rangi hukoza. Kwenu nadhani nyingi hazifiki, na ndiyo maana zinatoka zimepauka. Lifunge kasha kwa blanketi saa 24. Ila ulifunge lote, pembe na chini, kwa sababu joto likiishia katikati utakata ukute duara lililokoza zaidi ndani ya kila kipande, kama kiini cha yai. Nilishakuta, na nikawauzia watu nikisema ni mtindo.

Kitu kingine nimekiona nyuma ya picha yako, na hiki si mzaha. Ile sufuria ya alumini, usiniambie ndimo unamochanganyia. Soda huila alumini, inatoa hewa inayoweza kushika moto, na uji unakuwa mweusi. Tumia ndoo ya plastiki nzito au chuma kisichoshika kutu. Mengine unayajua: soda ndiyo inayotiwa ndani ya maji na kamwe si maji juu ya soda, glavu, miwani, dirisha wazi, na watoto wawe kwa jirani.

Nimekufungia mbegu za mrangi, robo kilo, nitazipeleka stendi ya Ukunda kesho zije na basi. Ukizipata zitunze kwenye chombo chenye giza. Ukishafanya ule mtihani wa vikombe, kila kikombe kikate vipande viwili, kimoja kiweke dirishani kimoja kabatini, unipigie picha siku ya kukata na tena baada ya wiki sita. Kabla ya hapo usiniambie rangi imeharibika, sitakusikiliza.

Ile ya bitiruti mpelekee wifi ikikomaa. Mwambie ni sabuni ya chai ya tangawizi, atakuomba nyingine.

Wasalimie shemeji na watoto.

Ni mimi shoga yako,
Mwanaisha

Nimekumbuka nikiwa nimeshafunga bahasha, nikaifungua tena. Ukiona vumbi jeupe juu ya sabuni baada ya siku mbili tatu, si ukungu na wala rangi haijatoka. Ni soda ya juu juu iliyokutana na hewa. Ipitishe kwenye mvuke wa birika au uifute kwa kitambaa chenye maji, rangi iko chini yake.