Baba mdogo, kuhusu ile nusu kilo ya sukari

Shikamoo baba mdogo.

Wiki iliyopita uliponipigia ulinisalimu, ukauliza habari za testi, kisha ukanyamaza kidogo kama unavyonyamaza ukiwa unatafuta miwani. Nikajua picha za daftari langu la matumizi zimekufikia. "Tarehe 9, sukari nusu kilo. Wewe tangu lini unatia sukari kwenye chai?" Nikasema ni ya bibi jirani, na simu ikakatika papo hapo. Tangu siku hiyo najiona kama mtu aliyekamatwa na kuku wa watu. Naandika hapa hadharani kwa sababu wanao ndio watakaokusomea, na pia kwa sababu tupo wengi huku chuoni Mtwara tunaotuma madaftari nyumbani kila mwisho wa mwezi.

Ilikuwa Ramadhani. Mkopo ulikuwa haujaingia, na zako za mwezi zilishakwisha. Mimi na mwenzangu wa chumbani tulikuwa tunapika uji saa kumi jioni, mzito wa kusimamisha kijiko, ili uwe chakula cha mchana na cha usiku kwa mpigo. Siku moja adhana ya magharibi inamalizikia, mlango ukagongwa. Alikuwa mjukuu wa bibi wa nyumba ya pili, ameshika kwa mikono miwili bakuli la bati lenye maua mekundu, limefunikwa sahani. Ndani mihogo ya nazi, tui limeganda pembeni, na juu yake kipande cha samaki wa kukaanga.

"Bibi kasema mle kingali cha moto."

Nikamwambia mimi sifungi, ni Mkristo. Akanitazama kama niliyeulizwa njia nikataja umri wangu. "Kasema mle."

Bakuli likaja kesho yake, likaja keshokutwa. Mwenzangu, ambaye kwao ni Newala, ndiye aliyenishtua kwamba bakuli la watu halirudi tupu. Chumbani kulikuwa na chumvi na kiberiti. Nikaenda dukani na ile elfu mbili ya akiba. Hiyo ndiyo sukari, baba mdogo. Niliiweka kwenye "mengineyo" kwa sababu daftari ulilonipigia mistari lina safu nne tu: chakula, nauli, vitabu, mengineyo.

Na hapo ndipo shida yangu ilipo. Daftari linakuonyesha hela ilikokwenda, halikuonyeshi nilichopata. Umeona "ming'oko 500" mara kumi na moja, ukaniuliza kama nina minyoo. Hivi ulipokuwa huku hukuila? Vimizizi vyembamba kama vidole vya mtoto, akina mama wanavichimba porini, wanavichemsha, wanaviuza kwa mafungu na chumvi yenye pilipili. Unamenya kwa meno, unatema ganda, unachukua mwingine. Havishibishi hata kidogo. Lakini tunavila tukitoka kipindi cha mwisho, watu watano tumekaa kwenye ukingo wa mtaro kama kunguru, na hakuna anayeondoka mpaka fungu liishe. Mia tano, watu watano. Nionyeshe safu yake.

"Mafuta ya nazi 1,000" ya Oktoba nayo naikiri leo. Ilikuwa msimu wa korosho, mtaa mzima unanukia mabibo, yale matunda ya mkorosho, yaliyoiva. Mimi Msukuma wa Mwanza korosho nilizijua kwenye pakiti tu. Nikaokota moja mbichi, nikaipasua kwa meno. Utomvu wa lile ganda unaunguza, baba mdogo, midomo ilivimba siku nne, nikawa naingia darasani nimejifunika mtandio. Mwenye nyumba alinipaka mafuta huku akicheka mpaka akaketi chini. Gauni langu la kijani nalo lina doa la bibo ambalo halitoki kwa sabuni yoyote.

Wewe ulitulea tukijua kuhamishiwa Mtwara ni adhabu. Ulitusimulia pantoni ya Rufiji pale Ndundu, basi lililonasa kwenye tope kabla ya Somanga, siku tatu mmelala njiani mkila biskuti. Sibishi. Ila Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, na mimi Rufiji niliivuka nimelala, mdomo wazi, begi kifuani. Nilitoka Dar alfajiri, nikashuka stendi ya Mtwara jua bado lipo, na mpiga debe akanipokea kwa "Mtwara kuchele!" Nilidhani ananitukana. Kumbe ananiambia kumekucha, saa kumi na moja jioni.

Nikupe moja zaidi, hili ndilo nililotaka kukusimulia simu ilipokatika. Usiku wa kuamkia testi ya saikolojia umeme ulikatika. (Gesi inachimbwa Mnazi Bay, hapo tu jirani, na bado mishumaa tunanunua. Hilo tuliache.) Tukatoka uani, mwenye nyumba akatandika mkeka, wenzetu wa vyumba vya nyuma wakaja na madaftari. Tulikuwa tumekwama kwa Piaget, yule Mswisi aliyechunguza jinsi watoto wanavyofikiri. Anasema mtoto wa kati ya miaka miwili na saba, ukimmiminia maji yale yale kwenye chombo chembamba, ataamini yameongezeka kwa sababu yamepanda juu. Tulikuwa tumeikariri kama sala, hakuna aliyeiamini.

Mwenzangu akamwita mtoto wa mwenye nyumba, ana miaka mitano, alitakiwa awe amelala. Tukaweka vikombe viwili vya chai vinavyofanana, maji sawasawa, tochi ya simu imemulika. "Viko sawa?" Viko sawa. Kikombe kimoja tukakimimina kwenye glasi nyembamba, mbele ya macho yake. "Sasa wapi mengi?" Mtoto akaigusa glasi bila kufikiri. "Hapa."

Baba mdogo, tulipiga kelele mpaka mbwa wa jirani akaanza kubweka. Mama yake akadhani mtoto amekosea, akamkaripia, ikabidi tumtetee kwamba kajibu vizuri sana, kajibu kama kitabu. Tukamimina tena, tukarudia, akasema vilevile. Mara ya nne akachoka na sisi, akainywa ile glasi yote akaenda kulala.

Hiyo nayo haina safu. Ilikuwa bure, isipokuwa chaji ya simu.

Sijui ulipanga mtaa gani enzi zako. Nikikuuliza unasema "huko Ligula" na kubadilisha mazungumzo. Niambie basi, nipite Jumapili nikipigie picha, hata kama pamejengwa ghorofa.

Kuhusu daftari la mwezi huu: dagaa uliowatuma na basi wamefika salama, wakavu, hakuna aliyevunjika. Bakuli la maua mekundu lilikuwa bado liko kwangu. Kwa hiyo ukiona kilo mbili zimekuwa moja na nusu, usiitafute ile nusu kwenye safu ya chakula.

Nisalimie mama mdogo na wadogo zangu wote.