Mazoezi ya Jumamosi: mafuta mikononi na habari ya kurushwa

Mwangaluka wazazi na walezi. Jumamosi mazoezi ya cheerleading, mchezo wetu wa kubebana na kurushana juu, yanabaki viwanja vya Furahisha, saa 1 asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Wiki iliyopita mrukaji wetu (yule anayebebwa juu) aliteleza mikononi mwa wenzake. Mlinzi wa nyuma, anayesimama tayari kumdaka, alimdaka mabegani, akashuka salama, anacheka. Tulipokagua viganja vya wabebaji, vinang'aa mafuta ya mgando! Tafadhali, siku ya mazoezi watoto wasipake mafuta mikononi wala miguuni. Kucha zikatwe, hereni zibaki nyumbani.

Mmeniuliza mbona watoto hawarushwi juu kama wale wa kwenye video. Onyesho la mashindano huchukua kama dakika 2 na nusu tu, ila miguu na mgongo wa kulibeba hujengwa kwa miezi. Mtoto asiyeweza kusimama kwa mguu mmoja hadi hesabu ya nane bila kuyumba simpandishi, hata mzazi anipigie mara tatu (unajijua). Na Jumapili ni mapumziko, msiwafanyishe sarakasi sebuleni.

Kwa wanaosema cheerleading si mchezo: Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliutambua rasmi 2021.

Maji kila mtoto aje na chupa yake.