Rambirambi za mdogo wangu aliye hai

Anti, shikamoo.

Nina miaka 31, mtunza stoo kwenye ghala moja huku Vingunguti, nina mke na mtoto mmoja. Kabatini kwangu, chini ya mashuka, kuna bahasha ya kaki yenye shilingi 63,000 na karatasi ya majina ya waliochanga. Ni rambirambi. Mfiwa ni mimi, na kwetu hakuna aliyekufa.

Aliyekufa ni Kanumba, yule mwigizaji wa filamu. Habari ilinikuta alfajiri ya Jumamosi ile, tarehe 7 Aprili 2012, kwa meseji, nikadhani uzushi wa mjini. Nilipohakikisha ni kweli nilikaa chini palepale uani, mswaki mdomoni. Anti, usinicheke. Yule kijana nimeanza kumwona enzi za michezo ya kundi la Kaole pale ITV, tukijazana kwa jirani mwenye TV. CD zake nimenunua tangu naishi geto, sina hata godoro la maana. Miaka 28 tu!

Jumapili Pasaka, Jumatatu sikukuu, kazi hakuna. Mazishi yakapangwa Jumanne. Jumatatu jioni nikampigia msimamizi, na wallahi nilikusudia kusema ukweli. Nikafikiria atakavyocheka: mwanaume mzima kumlilia mcheza filamu (yeye Simba ikifungwa, kesho yake hasalimiani na mtu). Nikajikuta nasema, "Bosi, nimefiwa na mdogo wangu, tunazika kesho." Akanipa pole, akaniambia sheria inatoa siku nne kwa kufiwa na ndugu wa tumbo moja, na mshahara haukatwi.

Viwanja vya Leaders, alikoagwa, sikuona hata jeneza. Niliona migongo ya watu, waliozimia wakibebwa juujuu, na mzee mmoja kando yangu akijifuta machozi kwa kofia yake. Makaburini Kinondoni ndiyo kabisa, niliishia barabarani. Siku tatu zilizobaki nilijifungia ndani na deki, naangalia CD zake.

Niliporudi kazini wakanikabidhi bahasha. Dereva wa foklifti, ambaye ana madeni mpaka dukani kwa Mangi, katoa 5,000. Mwisho wa orodha pameandikwa "Mama Ntilie 2,000". Huyo ni mama anayetuuzia wali getini, si mfanyakazi hata. Jina hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mke wangu hataki kuiona ile hela. Anasema nimemchuria shemeji yake. Mdogo wangu yuko Morogoro, anaendesha bodaboda, mzima wa afya. Juzi alipiga saa tano usiku, nikapokea mkono unatetemeka, kumbe anaomba hela ya tairi.

Sasa wenzangu wanauliza arobaini ni lini. Wameshaanza kuulizia bei ya Coaster ya kwenda na kurudi Morogoro.

Rafiki yangu mmoja, ndiye pekee anayejua, ananishauri niipeleke msikitini kama sadaka nikae kimya. Mimi naona mchango wa watu urudi kwa watu, ila sijui nianze na nani. Nimfuate msimamizi faragha, na zile siku nne akate kwenye likizo yangu ya mwaka? Au nianze na Mama Ntilie? Na mdogo wangu nimwambie, au nimwache aendelee na bodaboda yake?

Nijibu mapema, Anti, kabla hawajalipia Coaster.

Mwenye bahasha,
Buguruni, Dar es Salaam