Somo, mama akufungulie sanduku

Kisauni, Mombasa
14 Septemba 2025

Somo yangu mpenzi,

Salaam aleikum. Natumai hujambo huko Maskati na kazi inakwenda, na kwamba yule bibi wa nyumba amekurudishia siku yako ya mapumziko. Mimi ni mzima. Cherehani haijalala tangu Maulidi, na mama yako naye hajambo, ni magoti tu yanayomsumbua. Nimeona nikuandikie badala ya kukurekodia sauti, maana haya nataka uyasome taratibu, uyarudie, ndipo umpigie mama simu.

Jumapili nilipita kwenu. Nilibisha hodi nikasikia purukushani ndani kabla ya kuitikiwa karibu. Kuingia ukumbini nikakuta chai imemwagika jamvini na mtoto hayupo. Nikauliza, bwana mdogo yuko wapi? Mama akasema amelala. Hapo hapo nikamsikia anacheka chumba cha ndani, kwa sababu muuza mahamri alikuwa anapita na baiskeli, na unajua mwanao anavyoipenda ile kengele. Nikaenda kumtoa mwenyewe. Alikuwa ameketishwa ndani ya lile beseni kubwa la buluu la kufulia, kanga mbili zimesokomezwa mbavuni asilale upande, na nyingine imekunjwa nyuma ya shingo. Mama yako amebuni kiti kwa akili zake na mapenzi yake. Mtoto ni msafi, amepakwa mafuta, hana kidonda hata kimoja. Lakini ana miaka minane, somo, na miguu imeshavuka ukingo wa beseni.

Simlaumu mama. Aliniambia, "Watu wana maneno," na mimi na wewe tunayajua maneno yenyewe: kwamba mtoto ana jini, kwamba umekwenda Uarabuni kukimbia mkosi. Madaktari walishasema ni mtindio wa ubongo, lakini anayekuja kunywa chai hakuwepo kwa daktari. Na mimi nilifichwa pia. Siku ya posa ya dada yangu nilikuwa na miaka tisa, nikapelekwa kwa jirani na mguu wangu huu wa polio, nikakaa huko kutwa nzima nikisikia vigelegele vya kwetu ukutani. Mpaka leo nikisikia vigelegele moyo hunishtuka kwanza, ndipo nifurahi.

Ndiyo maana Mei, redio ilipotangaza kwamba Rais ametia sahihi Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, niliacha kushona katikati ya pindo. Ilikuwa tarehe 8. Mswada huo aliupeleka Seneta Crystal Asige, na wewe huenda humjui vizuri kwa kuwa ulikuwa umeshaondoka alipoteuliwa mwaka 2022. Ni mwanamke asiyeona, presha ya macho ndiyo iliyomchukulia nuru yake, na tulimjua kwanza kama mwimbaji. Katiba, kifungu cha 98, imetenga viti viwili katika Seneti vya watu wenye ulemavu, kimoja cha mwanamke na kimoja cha mwanamume. Yeye ndiye aliye katika hicho cha mwanamke.

Nimewasikia watu hapa dukani wakisema seneta maalum hana wapiga kura, hana barabara ya kuzindua, kazi yake nini? Hukasirika nikisikia hivyo. Eneo lake ni sisi, kuanzia Vanga mpaka Turkana. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 916,692, na swali la ulemavu waliulizwa wenye miaka mitano kwenda juu tu. Mwanao alikuwa na miwili. Hata katika hesabu hiyo hayumo.

Mswada ulianza Seneti mwaka 2023 na kuwa sheria mwaka 2025. Fikiria hiyo miaka miwili: kusomwa mara ya kwanza na ya pili, kukaa kwenye kamati, kusikiliza maoni ya wananchi, kuvuka kwenda Bunge la Taifa na kufanyiwa marekebisho huko. Kazi ya namna hiyo haipigwi picha ikawekwa kwenye bango. Mwanasiasa akigawa viti kumi vya magurudumu uwanjani tutamwona sote, na mimi sidharau kiti, nimeona mtu akilia kwa furaha kwa kukipata. Ila kiti cha fadhila gurudumu likivunjika huna wa kumdai. Sheria unakwenda nayo ofisini na kuiweka juu ya meza.

Nikupe mfano mmoja, ule ulionigusa zaidi. Sheria ya zamani ni ya 2003, imeitangulia hata Katiba hii ya 2010. Kuhusu ajira, ile ililiambia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lijitahidi kututafutia asilimia tano ya nafasi za kazi. Lijitahidi! Baraza likijitahidi na mwajiri akageuza uso, basi. Hii mpya inamkabili mwajiri mwenyewe: mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia tano. Nilipomaliza kozi ya ushonaji nilipeleka maombi kwenye kiwanda kimoja cha nguo, na yule bwana wa langoni alitazama magongo kabla ya kutazama cheti. Ningekuwa na maneno haya siku ile, nisingerudi nyumbani kimya.

Mlezi naye ametajwa katika mambo ya kodi, lakini mama yako hana mshahara wa kukatwa, kwa hiyo hilo tuliache. La kumficha mtu mwenye ulemavu nalo ni kosa kisheria. Hata ile ya 2003 ilikataza, na faini yake ilikuwa mpaka shilingi 20,000, ila nani alikuwa anajua? Mbele ya mama sikulitamka neno faini. Nisingeweza, huku namwona anamfuta mwanao mate kwa upindo wa leso yake.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Mlango wa yote haya ni kadi ya Baraza, ile ya kuonyesha kwamba mtu amesajiliwa kuwa na ulemavu, na mwanao hana. Kwanza anapimwa katika hospitali ya serikali, fomu inajazwa, ndipo anasajiliwa. Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Mimi nilipokwenda kupimwa, chumba kilikuwa ghorofa ya pili na lifti mbovu. Nilipanda kwa magongo, ngazi arobaini na mbili, nilizihesabu ili nisikate tamaa. Kufika juu naambiwa daktari ametoka, rudi Jumatano. Nikarudi Jumatano. Makanga wa matatu alinitoza nauli ya watu wawili, eti magongo yanakula nafasi. Lakini kadi ninayo, na kwa huyu mtoto nitazipanda tena ngazi hizo. Ikitoka nitakwenda kwa chifu kuulizia Inua Jamii, zile shilingi 2,000 kwa mwezi za serikali kwa watu wenye ulemavu mkubwa. Siwezi kukuahidi kwamba atapata, na akipata hazitoshi nepi za mwezi mzima, lakini zitampunguzia mama kukopa dukani.

Ninahitaji vitu viwili kutoka kwako. Cha kwanza ni picha ya kitambulisho chako, mbele na nyuma, isiyokuwa na kivuli. Cha pili ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mama anasema kimo ndani ya sanduku lako la bati chini ya kitanda, na ufunguo ulikwenda nao. Nilimwomba tulivunje kufuli akakataa katakata, anasema sanduku la mtu halivunjwi mwenyewe hajasema. Basi mpigie Ijumaa useme. Kufuli jipya nitanunua mimi.

Na ukimpigia, zungumza naye pia habari ya kutoka. Amezoea kumbeba alfajiri au usiku, watu wakiwa ndani. Jumatano ijayo tuktuk ya jirani itatufikia mlangoni saa tatu asubuhi, tumeshapatana bei na dereva, na ningependa tutoke kwa mlango wa mbele. Mimi akinikatalia nitanyamaza, nimemkuta mkubwa. Wewe mwanawe atakusikiliza.

Nimemshonea suruali ya kuvaa siku hiyo, ya lastiki kiunoni isimbane akikaa. Nilimpimia pale pale ndani ya beseni, akaishika tepu hataki kuiachia. Nimemwachia.

Nisalimie wenzako wote.

Wako,
Somo