Jicho la kamera litatengenezwa na nani likiharibika?

Mhariri,

Tangu Oktoba 2025 simu yangu haijapata kupumzika. Karibu kila mwenye namba yangu amenitumia ile habari ya wazee wa Ulaya wanaosoma tena maneno kwa msaada wa chipu iliyopandikizwa nyuma ya jicho. Shemeji yangu wa Kayole amevuka mpaka: amefungua kundi la WhatsApp la harambee ya kunipeleka ng'ambo, na watu wameshaanza kuahidi. Nawashukuru wote kwa moyo wao, lakini nimewaomba wasitume hata shilingi, na naomba nafasi nieleze sababu.

Nafanya kazi ya swichibodi katika ofisi moja hapa mjini. Upofu wangu ni wa kurithi, ugonjwa wa retina, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, uitwao retinaitisi pigmentosa. Ulianzia usiku, nikiwa bado shule ya bweni. Wenzangu wakitoka masomo ya jioni walikwenda moja kwa moja kulala, mimi nikibaki nyuma kupapasa ukuta, na matroni akidhani natafuta kisingizio cha kuchelewa. Miaka ikapita, pembe za macho zikazidi kufunga hadi nikawa naona kama mtu achunguliaye kwenye tundu la ufunguo. Mwishowe na tundu likaziba.

Ile chipu inayosambazwa kwenye simu inaitwa PRIMA. Ina upana wa milimita 2 tu, na anayepandikizwa huvaa miwani yenye kamera inayoipelekea picha kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Matokeo yake ni mazuri, sibishi: katika wagonjwa 32 waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja, 26 walipata nafuu ya maana. Ila hao wote ni watu ambao sehemu ya katikati ya retina imechakaa kwa uzee. Mimi si wao. Na wale waliopofushwa na presha ya macho, ambao ni wengi hapa kwetu, wajue kwamba chipu ya retina hutegemea mshipa wa fahamu wa jicho kufikisha habari kwenye ubongo, na mshipa huo ndio unaoharibiwa na presha.

Kifaa cha watu wa ugonjwa wangu kilikuwepo. Kiliitwa Argus II, cha kampuni ya Second Sight ya Marekani, na serikali ya huko ilikiidhinisha Februari 2013. Kamera kwenye miwani ilituma picha kwenye kikompyuta cha kiunoni, nacho kikaamsha elektrodi 60, yaani vincha vidogo vya umeme, zilizobandikwa juu ya retina. Mtu hakuona uso wa mwanawe. Aliona vimulimuli vya mwanga, na kwa mazoezi ya muda mrefu akaweza kujua mlango uko upande gani au mistari ya kivuko inaanzia wapi. Bei ilikuwa karibu dola 150,000, yaani kama shilingi milioni 19 kwa dola ya leo, bila gharama ya upasuaji. Lakini si bei iliyonitisha.

Kilichonitisha ni kwamba mwaka 2019 kampuni iliacha kukitengeneza, na mwaka 2020 ikaachisha kazi wafanyakazi wake wengi. Watu zaidi ya 350 duniani walikuwa tayari wana kifaa hicho mwilini. Wengine walipata habari kwa bahati tu. Mmoja alihitaji picha ya kichwa ya MRI, ile mashine ya sumaku kali, na hakukuwa na wa kumjibu kama chuma kilicho jichoni mwake kingeruhusu. Mama mmoja wa New York, hata kabla ya hayo yote, kifaa chake kilizimika akiwa katikati ya stesheni ya treni watu wamejaa, na hakikuwaka tena. PRIMA nayo imeshabadilisha mikono: Pixium Vision ya Ufaransa iliyokuwa ikiiendeleza ilifilisika, na mwaka 2024 Science Corporation ya Marekani ikainunua kazi hiyo.

Nayasema haya kwa uchungu kidogo. Shirika moja liliwahi kunipa mashine ya breli ya kielektroniki, ile yenye vinundu vinavyopanda na kushuka chini ya vidole. Ilikuwa raha tupu. Nilisoma barua za ofisi mwenyewe bila kumwomba mtu. Betri ilipokufa nikaibeba hadi kwa fundi wa Luthuli. Nilisikia akifungua skrubu, akipuliza vumbi, akigonga ndani kwa ukucha. Kisha akaniambia, "Mathe, betri imechomelewa kwa bodi, na Nairobi hii hupati kama hii." Tukawaandikia waliotoa msaada, wakajibu kwamba mradi ulishafungwa. Basi mashine iko juu ya kabati. Kipandikizi cha jicho kikifa, utakiweka juu ya kabati gani?

Msinielewe vibaya. Mkinihakikishia kwamba nitaweza kuvuka Jogoo Road nikitambua tu gari kubwa na uwazi, nitalala kwenye kitanda cha daktari kesho asubuhi. Nisichotaka ni kuonja mwanga halafu nizimiwe kwa sababu wenye hisa mahali fulani wamepata biashara nyingine.

Kwa hiyo naiomba Wizara ya Afya, pamoja na Bodi ya Dawa na Sumu inayosimamia vifaa vya tiba, zijiandae kabla mawakala hawajafika na mabango yao. Kampuni yoyote itakayotaka kuleta vipandikizi vya macho Kenya ionyeshe kwanza kwa maandishi ni fundi yupi, aliyefunzwa na anayeishi humu nchini, atakayevihudumia. Iweke akiba ya vipuri. Iweke pia amana ya fedha mahali ambapo haiwezi kuigusa ikifilisika, na michoro na programu zake zikabidhiwe hospitali ya umma siku itakapofunga milango. Iandikwe vilevile nani atalipa kifaa kikihitaji kutolewa jichoni. Bila karatasi hiyo sitii saini ya upasuaji, hata harambee ya shemeji ikivuka lengo.

Mpokea simu,
Umoja, Nairobi