Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu: skripti ipimwe kama skripti

Ndugu Katibu Mtendaji,
Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

YAH: ITHIBATI YA SHAHADA YA UZAMILI KATIKA UANDISHI WA SKRIPTI ZA FILAMU NA TELEVISHENI

Salaam.

Chuo chochote kitakachotaka kufundisha uandishi wa skripti kwa ngazi ya uzamili lazima kilete mtaala wake kwenye Tume yako. Tunakuandikia mapema kwa sababu tunajua mtaala huo utakavyokuja ukiachwa ufuate mazoea: mwaka wa kwanza nadharia za sanaa, historia ya filamu na mbinu za utafiti; mwaka wa pili tasnifu ya sura tano. Mwanafunzi atasambaza dodoso kwa watazamaji wa Sinza, atachora majedwali, atavaa joho. Skripti ya dakika 90 hatakuwa amemaliza hata moja. Mtayarishaji atakayemfikiria kwa kazi hataulizia tasnifu. Ataomba kurasa kumi za kwanza, na mara nyingi ataishia ya tatu.

Ombi letu kubwa ni hili: kazi ya kuhitimia iwe skripti yenyewe, iwasilishwe pamoja na rasimu zake zote na maelezo ya kitaaluma yasiyozidi maneno 5,000.

Hatuombi kulegezewa kamba. Tupige hesabu. Shahada ya krediti 180, kila krediti ikihesabiwa saa 10 za kazi, ni saa 1,800. Ukurasa wa skripti uliopangwa inavyotakiwa, kwa herufi za Courier ukubwa wa 12 na mazungumzo yakiwa kwenye safu nyembamba katikati, hukadiriwa kuwa dakika moja kwenye skrini. Filamu ya dakika 90 basi ni kurasa 90 hivi. Lakini kabla ya ukurasa wa kwanza kuna sentensi moja inayobeba kisa chote, muhtasari wa ukurasa mmoja, tritimenti (kisa kizima kikisimuliwa kwa nathari) ya kurasa 8 hadi 12, na kadi 40 hadi 60, kila kadi sini moja, yaani tukio la mahali pamoja na wakati mmoja. Wengi huruka kadi, na hapo ndipo mambo huharibika. Mwandishi huanza kwa kasi, hufika ukurasa wa 50, hugundua kuwa mhusika wake mkuu hana anachokitafuta, kisha humleta mjomba kutoka ughaibuni ili kisa kipate pa kwenda. Kadi zikitandazwa sakafuni, pengo hilo huonekana kwa dakika kumi.

Baada ya kadi, rasimu ya kwanza huchukua wiki 10, ya pili wiki 6, ya tatu wiki 4, na kati yake lazima ziwepo siku za kuiacha kazi ipoe. Kwa saa 25 kwa wiki hizo ni saa 500. Ukiongeza saa 100 za tritimenti na kadi, unapata theluthi ya shahada nzima. Ukiiweka tasnifu ya sura tano juu ya mzigo huo, kimoja kati ya viwili kitalipuliwa, na kwa kuwa mtahini amezoea kusoma tasnifu, tunajua kitakacholipuliwa ni kipi.

Tuoneshe kinachotokea kati ya rasimu ya kwanza na ya tatu, maana ndicho kiini cha masomo haya. Zoezi ni hili: mama amegundua kwamba mwanawe ameuza kiwanja cha familia. Rasimu ya kwanza karibu kila mara huja hivi:

NDANI. SEBULENI – USIKU
MAMA: Juma, yaani kiwanja cha Chanika alichotuachia marehemu baba yako umekiuza bila kunishirikisha mimi mama yako?
JUMA: Nisamehe mama. Nilikuwa na madeni ya kamari.

Kila kitu kimeshasemwa. Juma anajua anachokijua mama, mama anajua anachokijua Juma, na mwigizaji amebakiwa na kulia tu. Isitoshe, mama anamweleza mwanawe jambo ambalo Juma analijua tangu utoto. Anayeelezwa hapo ni mtazamaji. Sasa rasimu ya tatu:

NDANI. CHUMBANI KWA MAMA – USIKU
Mama anatoa bahasha ya hati chini ya godoro. Ndani yake mna gazeti lililokunjwa. Hatua za mtu mlangoni.
JUMA: Shikamoo mama.
Mama anairudisha bahasha taratibu.
MAMA: Kesho tunakwenda Chanika. Majani yamekuwa marefu, tukafyeke.

Mtazamaji anajua mama anajua. Juma hajui. Shikamoo imekosa marahaba, na kila mtu aliyelelewa nchi hii atalisikia pengo hilo bila kuelezwa. Juu ya yote, sini inayofuata imeshapatikana: Juma ana usiku mmoja wa kutafuta uongo.

Safari hiyo haifundishwi kwa mhadhara. Inafundishwa na mtu aliyeisoma rasimu kwa kalamu mkononi, na ndiyo maana idadi ya wanafunzi ni suala la ithibati na haifai kuachiwa ofisi ya udahili. Darasa la warsha lenye wanafunzi 8, kila mmoja akileta kurasa 15 kwa wiki, lina kurasa 120. Mwalimu makini anayesoma na kuandika maoni humaliza kurasa 10 hivi kwa saa. Hizo ni saa 12, zinabebeka. Wakiwa 40 ni kurasa 600, sawa na saa 60 kwa wiki kabla hajaingia darasani. Hakuna atakayeziweza. Atatunga maswali ya mtihani, “Jadili dhana ya mgogoro katika filamu”, na shahada itakuwa imekufa ingawa cheti kinatolewa. Tunaomba ukomo wa wanafunzi 10 kwa kila mwalimu wa warsha uandikwe kwenye sharti la ithibati. Tunajua ada za watu 10 hazikijengi chuo. Warsha hii itabidi ifidiwe na kozi nyingine zinazojaza kumbi.

Kuhusu walimu, utaratibu wa kumtaka mwenye shahada ya uzamivu una maana kwenye fizikia. Marekani, shahada ya uzamili ya sanaa, yaani MFA, huhesabiwa kuwa ya mwisho katika fani hii na mwenye nayo hufundisha uzamili. Mfano unaotajwa sana ni wa František Daniel, mwandishi na mtayarishaji aliyefundisha FAMU, shule ya filamu ya Prague iliyoanzishwa mwaka 1946, kisha akahamia Marekani na kufundisha American Film Institute, Columbia na University of Southern California. Mbinu yake ya kuigawa filamu katika mafungu manane ya dakika 10 hadi 15, kila fungu likiwa na swali lake dogo, bado inafundishwa. Ilitoka kwenye kazi, kwa mtu aliyejua mtazamaji huchoka saa ngapi. Kwetu itoshe mwalimu wa warsha awe na skripti zilizopigwa picha na kuoneshwa, asaidiane na mhadhiri mwenye uzamivu atakayesimamia maelezo ya kitaaluma. Mtahini mmoja wa nje naye awe mwandishi au mhariri wa skripti anayefanya kazi hiyo.

Televisheni isichukuliwe kuwa filamu iliyokatwakatwa. Episodi ya nusu saa, ukitoa matangazo, hubaki dakika 22 hadi 24. Ikiwa tamthilia ina episodi 26, hizo ni zaidi ya saa tisa za kisa, na ugonjwa wake unajulikana: siri zote zimefichuliwa episodi ya 9, kinachofuata ni ajali, kupoteza kumbukumbu na mtoto wa nje ya ndoa. Dawa yake ni chumba cha waandishi, watu wanne au watano wanaopanga msimu mzima ukutani kabla ya mtu yeyote kuandika mazungumzo. Mwanafunzi ahitimu akiwa amekaa kwenye chumba cha namna hiyo muhula mmoja na kuandika episodi mbili za kisa kisicho chake. Apewe pia zoezi la gharama: achukue episodi yenye mandhari 14, aishushe hadi 5 bila kubadili kisa. Kila mandhari ni kuhamisha taa, watu na chakula. Sini ya usiku nje inahitaji jenereta na ulinzi. Sini ndani ya daladala linalotembea inaweza kula siku nzima ya kazi. Asiyejua haya huandikiwa upya na mwongozaji siku ya kupiga picha, kisha analalamika skripti yake imeharibiwa.

Lugha ya kuwasilisha iwe Kiswahili kwa anayeandika Kiswahili. Tasnifu za Kiswahili zimekuwa zikiandikwa kwa Kiswahili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hivyo njia ipo. Kumlazimisha mwandishi atafsiri skripti yake kwa Kiingereza ili isahihishwe ni kupima kitu kingine kabisa, hasa kwenye mazungumzo, ambako wahusika wa Pemba, Bukoba na Mbagala, wakitafsiriwa, mara nyingi wanaongea wote kama msomaji wa taarifa ya habari. Hata kanuni ya ukurasa kwa dakika inataka kupimwa upya: mlolongo wa shikamoo, marahaba, habari za nyumbani na wote hawajambo hujaza nusu ukurasa na kuisha kwa sekunde 12. Mwanafunzi asome kwa sauti, saa ikihesabu.

Limebaki moja ambalo vyuo havilifikirii hadi pachafuke. Kazi za uzamili huwekwa kwenye hazina za mtandaoni zikasomwa na yeyote. Kwa tasnifu hilo ni jema. Skripti ambayo haijapigwa picha ikianikwa hivyo, mtayarishaji hana sababu ya kuinunua, na mwenye mkono mwepesi anapata kisa cha bure. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi, lakini kesi ni ndefu na wakili analipwa. Tunaomba sharti la ithibati liseme wazi kwamba skripti ya mwanafunzi ni mali yake, na kwamba maktaba iifungie kwa miaka mitano, ikionesha jina, muhtasari na maelezo ya kitaaluma peke yake.

Wataalamu wako wakihitaji kuona rasimu tatu za skripti moja zikiwa bega kwa bega, pamoja na maoni ya mhariri pembeni, tutazileta zikiwa zimechapwa.

Wako katika kazi,
Waandishi na wahariri wa skripti, Dar es Salaam

Nakala: Katibu Mtendaji, Bodi ya Filamu Tanzania