Amonia ya jua na hesabu ya usiku

Kwako Salim,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma. Unauliza: ikiwa jua halilipiwi na hewa hailipiwi, mbona mafuta ya amonia yawe ghali?

Kuitengeneza tunakujua. Umeme wa paneli unapasua maji na kutoa haidrojeni, nitrojeni inachujwa hewani, kisha zinaunganishwa kwa njia ya Fritz Haber na Carl Bosch, iliyoingia kiwandani mwaka 1913: joto la nyuzi 400 hadi 500, mgandamizo unaozidi ule wa hewa ya kawaida zaidi ya mara mia, na kichocheo cha chuma cha kuharakisha muungano huo. Kilichobadilika ni haidrojeni tu, ambayo kwa kawaida hutolewa kwenye gesi asilia au makaa ya mawe.

Kazi inaanza jua likizama. Mtambo huo wa kuunganisha hautaki kuzimwa jioni na kuwashwa asubuhi. Kupoa na kupashwa kila siku kunachosha vyuma na kichocheo. Basi lazima mchana ulimbikize haidrojeni ya kutosha usiku kucha, au upate umeme wa upepo. Nao mtambo wa kupasua maji, ghali kama ulivyo, unalala mpaka kuche. Pesa inaishia hapo, Salim.

Halafu kuna upotevu. Tani moja ya amonia hula uniti 10,000 hivi za umeme. Ukiichoma unapata joto la uniti 5,200 tu, na injini haigeuzi hata hilo lote kuwa nguvu. Kwa gari dogo ni upuuzi mtupu. Chaji betri uende zako.

Meli za safari ndefu ni habari nyingine, maana betri haziwezi kuzifikisha mbali. Amonia huwa kimiminika kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri. Haidrojeni inataka 253. Lakini amonia ni sumu kali, na hushika moto kwa shida, ndiyo maana injini zake huongezewa dizeli kidogo.

Mimi ningeanza na mbolea, ambayo hutengenezwa kwa amonia. Wanunuzi wapo tayari, na nishati haipotei tena kwenye injini.

Huo mchoro wa mradi ulionitumia una paneli tele, ila tangi la haidrojeni sijaliona. Waulize kabla hujatia sahihi, na wakupe uzalishaji wa saa kwa saa, si wa mwaka mzima.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Rashidi